Kipenga Kimoja ni Maji

4 Februari

Mama, shikamoo.

Najua utashangaa kupata barua wakati juzi tu tumezungumza kwenye simu. Lakini kwenye simu Baba anakuwa pembeni yako, na sauti yangu inajaza chumba kizima, kwa hiyo mambo ya kweli hatuyasemi. Kiharusi kimemfunga ulimi, masikio hakikuyagusa. Na huku kiwandani simu zetu tunamwachia mlinzi tangu tunapoingia zamu mpaka tunapotoka. Basi mimi na wewe tuandikiane. Ukimaliza kusoma, ficha.

Miwani itakuwa imefika. Ni ya hospitali, tumeazimwa tu. Usiogope ukubwa wake. Ukiivaa unaona chumba chenu kilekile, kitanda, kabati na pazia, ila anaongezeka mtu. Ni mwalimu wa mazoezi, mwanamke, anasimama mbele ya kitanda kana kwamba ameingia kwa mlango. Anaonyesha zoezi, anahesabu, na Baba akikosea anamrekebisha. Sakafuni zinatokea alama za kijani za kukanyaga. Kuna na kikuku cha plastiki, hicho kinafungwa kwenye kifundo cha mguu wa kulia, ule uliolala. Kila Jumapili nitaletewa chati kwenye simu yangu, na daktari wa viungo hospitalini anaipata hiyohiyo. Simu yenu haina picha, kwa hiyo chati ndiyo macho yangu.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Daktari aliniambia miezi sita ya kwanza ndiyo yenye maana. Kiharusi kilimpata Desemba. Mguu ukiamshwa kabla ya Juni, Baba, Refa wetu, atatembea. Usipoamshwa, atakuwa mtu wa kubebwa mpaka mwisho wake. Na zikipita siku saba bila zoezi hata moja, wanaichukua miwani na kumpa mwingine aliye kwenye foleni. Mama, usikubali ifike huko. Mtu aliyekimbia uwanjani miaka ishirini na saba, akamtoa kwa kadi nyekundu hadi mtoto wa kaka yake, hawezi kushindwa kuinua kisigino.

Likizo yangu ni wiki mbili kwa mwaka. Nimeiomba Aprili.

Mwambie mshika kibendera wake yuko pembeni ya uwanja anamtazama, kama alipokuwa na miaka saba na kile kitambaa chekundu mkononi.

Binti yenu,
Kibendera


16 Februari

Mwanangu Kibendera,

Marahaba. Mzigo umefika, na mke mwenza naye amefika. Ndiyo, mke mwenza, nimwite nani tena? Miaka thelathini na minne nimelala chumba hiki bila mpinzani. Leo kuna mwanamke anasimama miguuni pa kitanda changu asubuhi na mapema, anamwambia mume wangu "vizuri sana, jaribu tena." Na simwoni! Ninayemwona ni baba yako tu, na lile dude usoni, ameukazia macho ukuta.

Ana aibu, mwanangu. Wewe unamjua, hata mimi hakupenda nimwone na bukta mchana. Sasa anakalishwa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja mzima na mwingine umening'inia, anaambiwa na mtu asiyemjua ainue. Anainua wa kushoto. Yule dada anasema, "Umekosea. Tuanze upya." Sauti naisikia, inavuja pembeni ya miwani. Mwanangu, nani aliwahi kumwambia Refa amekosea? Makocha walimfokea, uwanja mzima ulimwita kipofu, hakugeuza hata shingo. Huyu anamwambia mara nane kila asubuhi, na hawezi kumwonyesha kadi.

Alhamisi alijaribu kusimama. Nilimshika kiunoni kwa mikono miwili. Alipanda kidogo, makalio yakaachana na godoro, halafu akarudi chini kwa kishindo. Akalia. Jicho la kulia silihesabu, hilo linachuruzika siku zote tangu Desemba, lakini hili lilikuwa la kushoto. Akaivua miwani akasema, "Basi." Maneno aliyobaki nayo ni matatu, mwanangu: basi, vaa, na toka.

Cha kukuchekesha ni kipenga chake. Kiko shingoni na kamba yake ileile. Mwanzoni pumzi ilikuwa inatokea pembe ya mdomo, ikawa namshikia mdomo kwa kidole ndipo kilie. Sasa anapuliza mwenyewe. Tumekubaliana kipenga kimoja ni maji, viwili ni choo. Jirani ameniuliza kama siku hizi tunafundisha polisi humu ndani.

Chati ikikuletea sifuri, usipige simu kumgombeza. Yeye anazijua sifuri zake. Njoo hiyo Aprili.

Ni mimi,
Mama yako


10 Machi

Mama, shikamoo.

Kumi na mbili! Mama, mara kumi na mbili kusimama na kukaa bila kupumzika! Chati ya kwanza ilikuja na sifuri, ya pili sifuri. Halafu ghafla nne, halafu kumi, na sasa hii. Samahani kwa yale makelele yangu ya kwenye simu siku ile, nilikuwa nimesimama getini kwa mlinzi na watu wote wa zamu walinisikia nalia. Nilimsikia Baba kwa nyuma akitoa sauti. Alikuwa anacheka, sivyo?

Unajua kazi yangu. Nakaa mbele ya taa kubwa, chupa zinapita kwenye mkanda, moja kwa kila sekunde, na mimi natoa yenye ufa. Nimeajiriwa kuona kasoro. Basi chati ya Baba nimeitazama kwa macho hayohayo na sioni ufa wowote. Mguu wa kulia unainuka sawa na wa kushoto! Daktari wa viungo kaniandikia ujumbe kwamba ni nadra sana kuona hivyo.

Sasa Mama, usikasirike. Wenzangu wawili wamejifungua, na msimamizi ameniomba nisogeze likizo mpaka Juni. Nimemkubalia, kwa sababu sina tena hofu ile ya mwanzo. Nikija Juni, nataka Baba ndiye anifungulie mlango.

Msalimie sana mke mwenza wako. Anafanya kazi nzuri.

Kibendera


24 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma jikoni. Mimi sijambo, ila magoti yananiuma, na mgongo kidogo. Jirani anasema nimepungua, magauni yananipwaya. Ni kazi tu za nyumba.

Baba yako hajambo. Ulipopiga simu ukilia kwa furaha, alicheka kweli, na tangu Desemba sikuwa nimesikia kicheko chake. Usiku huo alikula sahani nzima. Nimeona nikuambie hilo kwanza.

Yule daktari wa viungo aliyekuwa anakuja nyumbani kabla ya miwani, akaahidi kurudi mwezi huu, hatakuja tena. Wamepiga simu wakasema mgonjwa anaendelea vizuri kuliko wengi, hahitaji kutembelewa, miwani inatosha. Nilitaka kusema neno, lakini baba yako alikuwa ananitazama.

Kibendera, ungekuja Aprili kama ulivyosema. Hata siku tatu. Mwambie msimamizi wako mama yako anaumwa, si uongo mkubwa.

Baba yako amenielekezea kidole kwenye karatasi, anataka niandike kwamba usije, kazi kwanza. Nimeandika.

Mama yako


20 Aprili

Mama, shikamoo, na pole na magoti. Umri huo, Mama! Ungefanya mazoezi kidogo kama mumeo.

Nina habari itakayowaamsha wote wawili. Jumapili nilimpigia Katibu wa chama cha marefa, nikamsomea chati ya Baba kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Akalia hukohuko kwenye simu. Unajua Katibu ndiye aliyekuwa anashika kibendera cha kulia miaka yote. Basi wameamua. Tarehe 18 Mei ni mechi ya kufungua ligi, na Baba ndiye atakayepuliza kipenga cha kwanza. Watakuja kumchukua na gari asubuhi. Hahitaji kukimbia, atatembea kutoka mstari wa pembeni mpaka katikati ya uwanja, atapuliza, watu watapiga makofi, basi. Hatua arobaini hivi. Chati inasema anapanda ngazi kumi na nane!

Nilipomwambia Baba kwenye simu, nilisikia kipenga. Kimoja tu, kikali. Je, alitaka maji au alikuwa ananikubalia? Mimi nimechukua kwamba amekubali.

Natuma soksi nyeusi mpya, na shati la zamani la urefa ulipige pasi. Na tafadhali, usianze wasiwasi wako mbele yake. Una tabia ya kuona giza kila mahali, Mama, na yeye anahitaji mtu wa kumwambia anaweza.

Kibendera wenu


2 Mei

Mwanangu,

Mwambie Katibu asije. Sema lolote, sema uwanja una matope, sema baba yako ana homa. Usiniulize sababu kwa barua. Njoo nikuambie kwa mdomo.

Nakuomba kama mama yako. Sijawahi kukuomba kitu.

Mama


9 Mei

Mama, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara tatu na nimekasirika, nisamehe. Sikumwambia Katibu lolote. Miezi hii yote Baba anajitahidi, wewe ni kunipa magoti, mgongo, njoo, njoo. Wenzangu wanasema wazazi wengine humzoea mgonjwa akiwa kitandani, akianza kuinuka wanaogopa watabaki bila kazi. Sitaki kuamini ndivyo ulivyo.

Mwache Baba apate siku yake. Ni siku moja tu.

Kibendera


4 Juni

Mama,

Niliondoka siku ya nne baada ya maziko ya Baba bila kukuaga vizuri. Ulikuwa umelala, au ulijifanya umelala. Nilisimama mlangoni kisha nikachukua begi. Nimerudi kwenye mkanda wangu, chupa zinapita, wamenihamisha kwenye kufunga maboksi kwa sababu wiki iliyopita niliacha chupa sita zenye ufa zikapita.

Kuna jambo sikuweza kukuuliza mbele ya watu. Nilifika hospitali tarehe 24, siku moja baada ya yeye kufariki. Waliniruhusu kumwona. Daktari aliyempasua nyonga alinieleza kwamba mfupa ulivunjika alipoanguka, na damu iliyoganda mguuni ndiyo iliyopanda kwenye mapafu. Halafu akaniuliza, "Huyu mzee alikuwa amelala kitandani muda gani bila mazoezi?" Nilimjibu kwa ukali kwamba baba yangu alikuwa anachuchumaa mara thelathini kila asubuhi. Akalifunua shuka.

Mama, paja la kulia lilikuwa jembamba kama mkono wangu. Niliugusa mguu mwenyewe. Mguu huo haukuchuchumaa hata mara moja.

Nina chati kumi na tano kwenye simu yangu. Niambie ni za nani.

Binti yako


12 Juni

Mwanangu,

Ni zangu.

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chake, na sitakuficha kitu.

Ile wiki ya sifuri, siku ya sita tangu alipoivua miwani akasema basi, niliogopa kwamba kesho yake wataichukua miwani. Nikamwambia baba yako, hebu nikuonyeshe kwamba si kitu kigumu, hata mimi kikongwe naweza. Nikavaa miwani, nikafunga kikuku. Kwa mara ya kwanza nikamwona yule dada. Ni mzuri, ana uso wa upole. Akaniambia simama, nikasimama. Kaa, nikakaa. Mara nne, na baba yako alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, nami nikacheka. Ulikuwa mchezo, Kibendera. Sikujua kwamba lile dude linahesabu mtu yeyote.

Jumapili ukapiga simu ukilia. "Baba amesimama mara nne!" Nikafungua mdomo nikueleze. Baba yako akanishika kiganja kwa mkono wake mzima, akakibana mpaka kikauma. Alikuwa anaisikiliza sauti yako. Uso wake siwezi kukueleza. Nikafunga mdomo.

Kesho yake asubuhi akaielekezea kidole miwani, akanielekezea mimi, akasema, "Vaa."

Nikavaa. Nilivaa kila siku tangu hapo. Mke mwenza alinipandisha madaraja, kuchuchumaa, ngazi, kusimama mguu mmoja, na mimi na magoti yangu nikawa namfuata, na mume wangu amelala pale anatazama. Kila siku niliapa kesho namwambia mtoto. Wewe ukasema hutakuja tena Aprili, daktari akaacha kuja, na kila kitu kilichoondoka kiliondoka kwa sababu ya jasho langu. Niliona hivyo na bado nilivaa. Ni mimi niliyeuacha mguu wake ukafa, ili wewe ufurahi na yeye akusikie unafurahi. Sina la kujitetea.

Habari ya uwanja ilipokuja, nilimwambia sasa tumefika mwisho, tuseme. Akakataa kwa kichwa. Refa aliyetupa bahasha ya rushwa mbele ya watu uwanjani alikuwa anaona haya kukwambia wewe kwamba alidanganya. Siku zile za mwisho akawa ananifukuza chumbani kila nikimaliza kumwosha. "Toka." Nikadhani amenichoka kwa kuwa namsumbua aseme ukweli. Nikawa naenda kukaa nje nusu saa na beseni langu la nguo.

Asubuhi ya tarehe 18 nilimvalisha soksi, nikamwacha ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimepanga kumwambia Katibu mlangoni, ana kwa ana. Nikaenda chumba cha pili kupiga pasi shati, maana hata akionekana amelala, nilitaka aonekane na shati safi. Gari likapiga honi nje. Nikasikia kipenga kimoja. Maji. Nikasema, nakuja baba, nikabaki namalizia kola kwanza. Halafu nikasikia kishindo.

Alikuwa sakafuni, na miwani iko kando yake. Nilijua alikuwa amenyoosha mkono kuichukua ili anipe nivae, kama kila siku, na ndipo akaanguka. Nimeishi na hilo. Alianguka kwa kuniletea uongo wangu.

Ukitaka kunichukia, mwanangu, una haki.

Mama yako


25 Juni

Kwa Mama,

Shikamoo, Mama. Mimi ni yule daktari wa viungo niliyekuwa nakuja kwenu na begi la kijani, kabla hamjapigiwa simu kuambiwa hamnihitaji. Aliyeamua hivyo ni mimi. Binti yako alikuja hospitali wiki iliyopita, akanionyesha barua yako. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Sikuandikii kwa karatasi ya hospitali. Kuna jambo linalonihusu na jingine linalomhusu mzee, na yote mawili ni haki yako kuyajua.

La kwanza. Miwani humpima urefu anayeivaa. Mwishoni mwa Februari, mzee aliposimama kwa mara ya kwanza kwenye chati, mashine iliniletea onyo kwamba urefu haulingani. Faili lilisema mita moja na sentimita themanini na mbili, mvaaji alikuwa na mita moja na hamsini na tano. Nilikuwa na wagonjwa arobaini na wawili siku hiyo. Mama, mimi nilimjua mzee. Niliwahi kumgeuza kitandani kwa mikono yangu na miguu yake ilipita mwisho wa godoro. Lakini sikumkumbuka yeye, niliangalia namba. Nikasema nesi aliyejaza faili alikosea, nikalirekebisha faili, likawa na urefu wako. Onyo likaisha, na kwa kuthibitisha urefu huo nikawa nimeiambia mashine imkatae mwenye urefu mwingine. Ningepiga simu moja tu, tungekuwa bado na miezi mitatu.

La pili nimelikuta juzi, nilipoifungua miwani iliyorudishwa ili niifute apewe mwingine. Mazoezi ya mtu asiye mgonjwa hayaendi kwenye chati, yanawekwa kando. Niliyakuta ya siku tisa, kuanzia tarehe 10 Mei. Mvaaji ni mrefu, sentimita mia moja themanini na mbili. Kila siku ni asubuhi, kama nusu saa hivi.

Alikuwa anaanza ameketi. Mwalimu anatokea, anamwambia simama. Anapoinuka kidogo tu, kichwa chake kinapita urefu nilioandika mimi, na mashine inaona huyu si mgonjwa. Mwalimu anatoweka. Yanabaki maandishi mbele ya macho: "Wewe siye mgonjwa aliyesajiliwa. Tafadhali mrudishie mgonjwa miwani." Alifanyiwa hivyo kila mara. Aliketi, akaanza upya. Tarehe 10 alijaribu mara sita na hakusimama. Tarehe 13 alisimama sekunde tatu. Tarehe 16 sekunde kumi na nne. Hakuwa na wa kumhesabia wala wa kumwambia aegemee upande gani. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, na kwa mguu ule, sikutegemea.

Tarehe 18 kuna jaribio moja. Alisimama wima sekunde ishirini na moja. Kwenye sekunde ya pili kuna sauti kali, nadhani ni filimbi. Kisha kumbukumbu inakatika.

Mashine iliandika pembeni: mtu asiyehusika, haikuhesabiwa. Nimelifuta neno hilo, nikaliandika jina lake. Najua halisaidii kitu.

Nimeomba nisiangalie tena chati za watu nisiowatembelea. Bado hawajanijibu.

Daktari wa viungo


2 Julai

Mwanangu Kibendera,

Barua ya daktari naiweka humu ndani uisome. Mimi nimeisoma na kuirudia mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Asilaumiwe sana. Aliyevaa ni mimi.

Jana nilifanya jambo la kijinga. Nilitoa shati lake jeusi, nikawasha pasi, nikaweka saa ya ukutani mbele yangu juu ya meza. Nikapiga pasi kola. Nilipiga kama siku ile, taratibu, kwanza ndani halafu nje, maana unajua kola yake ikiwa na mkunjo hakuvaa. Ilichukua dakika moja na kitu. Halafu nikarudi mwanzo, nikaacha pasi, nikatembea kutoka kwenye meza mpaka mlango wa chumba chetu. Hatua tisa. Kwa magoti yangu haya, sekunde saba. Nikatembea tena na tena, na kila mara ni saba, mara moja nane.

Kwa hiyo ningemkuta, Kibendera. Ningefungua mlango, ningemkuta amesimama, mrefu kama alivyokuwa, na soksi zake mpya, na kipenga mdomoni. Zingebaki sekunde kumi na mbili. Ningemshika kiunoni, au nisingemshika, ningemtazama tu. Nina hasira naye pia, nisikufiche, siku tisa ananiambia toka na anajua kwamba nikirudi nitavaa tena lile dude na kumfanyia uongo wake. Alitaka amalize kwanza ndipo anionyeshe. Ndivyo alivyokuwa maisha yake yote, hapulizi mpaka awe na uhakika.

Usikae huko na maboksi yako unajiuliza nani alimwambia Katibu. Njoo. Likizo yako ya Juni hukuichukua. Kitanda chako nimekitandika, na kipenga nimekiweka kwenye kabati la vyombo, sijui nikifanyeje.

Jirani jana aliniambia pole, angalau mzee aliondoka akiomba maji, umpelekee maji kaburini roho itulie. Nikamjibu asante. Sikumwambia.

Hakuwa anataka maji, mwanangu. Alikuwa ananiita nikamwone.

Mama yako